Kasuku wa kijivu: kwa nini ndege anayefugwa dunia nzima anaisha msituni

Kuna usemi tumekua nao tangu shuleni, ukisoma kitu bila kukielewa unaambiwa unakariri kama kasuku. Mi nimeutumia sana huo usemi na sikuwahi kujiuliza kama ni wa haki, mpaka siku nilipokaa nusu siku kwenye nyumba moja iliyokuwa na kasuku wa kijivu sebuleni. Simu ikalia, nikaingiza mkono mfukoni, kumbe si simu ni ndege. Mlango ukasikika unafunguka, kumbe bado ni yeye. Afu akamwita mtoto wa pale kwa sauti ya mama yake, sauti ileile na ukali uleule, na mtoto akaitika kutoka uani. Watu wakacheka na mimi nikacheka, ila nilivyomsogelea ndo nikaona kifua chake hakina manyoya. Ngozi tupu ya pinki kuanzia shingoni mpaka tumboni, na chini ya kizimba manyoya laini ya kijivu yametapakaa. Mwenye nyumba akaniambia ni ugonjwa wa ngozi, wameshampaka dawa mara mbili haijasaidia. Wakati tunaongea ndege akainamisha kichwa, akachagua unyoya mmoja chini ya bawa, akaung'oa, akauangalia kidogo, akauachia.

Tangu siku ile nimesoma sana habari za huyu ndege na nataka nizieleze hapa kwa urefu, kwa sababu stori yake ina mafundo mengi na watu wengi wanashika fundo moja tu. Utasikia mmoja anasema kasuku wa kijivu yuko hatarini kutoweka, mwingine anamjibu hatarini wapi wakati mitandaoni wanauzwa kila siku? Na wote wawili wanasema kweli. Hapo ndo penye kazi ya kueleza.

Tuanze na kumjua mwenyewe. Kasuku wako aina karibu 400 duniani, huyu wetu kwa jina la kisayansi ni Psittacus erithacus, na nyumbani kwake ni misitu ya mvua ya Afrika: Ghana, Nigeria, Kameruni, Gaboni, Kongo zote mbili, Uganda, mpaka kipande kidogo cha magharibi mwa Kenya na kona ya kaskazini magharibi ya Tanzania. Ana urefu wa sentimita 33 hivi na uzito wa gramu 400 kwenda juu. Mwili wote ni wa kijivu lakini kila unyoya una ukingo mweupe, kwa hiyo ukimwangalia karibu ni kama ana magamba ya samaki, uso ni mweupe kuzunguka macho, mdomo mweusi, na mkia mwekundu kabisa kama umechovywa kwenye rangi. Dume na jike huwezi kuwatofautisha kwa macho tu. Umri ndo unaonekana, maana kinda ana jicho la giza, akikua linageuka kijivu na mwisho linakuwa la njano iliyofifia, kwa hiyo mtu anayewajua akikutana na kasuku anaanza na jicho.

Ana ndugu yake anaitwa Timneh, mdogo kidogo, kijivu chake kimekolea, mkia wake si mwekundu bali ni rangi ya damu ya mzee, na juu ya mdomo ana rangi kama ya pembe. Huyo anakaa Guinea, Sierra Leone, Liberia na magharibi mwa Côte d'Ivoire. Zamani walihesabiwa kitu kimoja, ila mwaka 2012 shirika la uhifadhi wa ndege la BirdLife International likawatenganisha kuwa spishi mbili. Inaonekana kama ni mambo ya wasomi tu lakini ina uzito wake, kwa sababu ukiwahesabu pamoja yule wa Kongo mwenye eneo kubwa anamficha yule wa magharibi mwenye kamsitu kadogo, unaona jumla nzuri kumbe mmoja anakwisha.

Chakula chake ni matunda, mbegu na kokwa, na kitu anachokipenda kupita vyote ni chikichi. Kumwangalia akila chikichi ni somo. Miguu yake ina vidole viwili mbele na viwili nyuma, basi anasimama na mguu mmoja, na ule mwingine anautumia kama mkono, anainua tunda mpaka mdomoni, analigeuza taratibu kwa ulimi mnene huku mdomo unachuna lile ganda jekundu lenye mafuta, akimaliza anaiachia kokwa ianguke chini anachukua lingine. Kasuku wengi wana mguu wanaoupendelea, kama sisi na mkono wa kulia au wa kushoto.

Asubuhi wanatoka makundi makundi kwenda kutafuta chakula, wanaruka juu sana na kwa kasi huku wanapiga kelele, jioni wanarudi kulala pamoja kwenye miti mirefu, mara nyingi karibu na maji. Malalo ya zamani yalikuwa na ndege mamia mpaka maelfu. Afu kuna zile sehemu za uwazi katikati ya misitu ya Kongo, Kameruni na Jamhuri ya Afrika ya Kati, penye matope yenye chumvichumvi na maji yanayotuama, ambapo tembo na nyati wanakuja kunywa. Kasuku nao wanashuka hapo kwa mamia, wanatua chini kwenye majani na udongo. Kumbuka hiyo picha ya ndege mamia wametua chini, nitairudia.

Sasa sauti. Kasuku hana nyuzi za sauti kooni kama sisi, sauti inatengenezwa chini kabisa pale koromeo linapogawanyika kwenda kwenye mapafu, afu ulimi na mdomo vinaichonga. Lakini kifaa si kitu kikubwa, kikubwa ni kichwa. Wanyama wengi wanazaliwa na sauti zao, mbwa hafundishwi kubweka. Kasuku ni kati ya viumbe wachache wanaojifunza sauti kwa kusikia, na ubongo wake ukiupima kwa ukubwa ni mdogo lakini seli zake zimebanana kiasi kwamba kwa gramu moja ana seli za neva nyingi kuliko wanyama wengi wanaonyonyesha. Msituni wanaitumia hiyo akili hata pasipo na binadamu. Watafiti waliowarekodi kasuku wa porini Kongo, wakati huo ikiitwa Zaire, walitangaza mwaka 1993 kwamba kwenye sauti zao wamekuta miigo ya ndege wengine aina 9 na popo mmoja. Popo! Hakuna aliyewafundisha na hakuna aliyewapa karanga.

Na hapa ndo lile neno la kukariri linaanza kuyumba. Mwaka 1977 mwanasayansi Mmarekani Irene Pepperberg alinunua kasuku wa kijivu kwenye duka la wanyama Chicago akamwita Alex, na kwa miaka 30 wakawa wanafanya kazi pamoja. Alimfundisha kwa namna ya pekee, wanakaa watu wawili mbele ya ndege, mmoja anauliza mwingine anajibu, akijibu vizuri anapewa kile kitu chenyewe, akikosea ananyimwa, na Alex anaangalia huku wivu unamkaba mpaka anaingilia. Mwishoni alijua maneno zaidi ya 100. Ukimletea sinia la vitu ukamuuliza kitu gani ni cha kijani na kina pembe tatu, anakuambia. Anahesabu mpaka 6. Ukimwonyesha vitu viwili vinavyofanana kila kitu ukamuuliza tofauti iko wapi, anasema hamna. Mtu anayekariri hawezi kujibu swali asilowahi kuulizwa. Alex alifariki Septemba 2007 akiwa na miaka 31, umri ambao kwa kasuku wa kijivu bado si mkubwa, maana wakitunzwa vizuri wanaweza kufika 40, 50 na zaidi.

Jaribio lingine mimi ndo lilinimaliza. Mwaka 2020 watafiti kule Tenerife, Uhispania, walitangaza walichokiona kwa kasuku wa kijivu waliofundishwa kwamba ukimpa mtu pete ya chuma anakupa chakula. Wakawaweka wawili jirani, mmoja ana pete nyingi lakini dirisha lake la kubadilishia limezibwa, mwenzake dirisha liko wazi lakini hana hata pete moja. Yule mwenye pete akaanza kumpitishia mwenzake, anampa kwa mdomo, mwenzake anaenda kula, yeye hapati kitu. Kasuku 7 kati ya 8 walifanya hivyo mara ya kwanza kabisa bila kujua kama baadaye zamu itageuka. Jaribio hilohilo kwa kasuku wa aina nyingine kutoka Amerika Kusini halikutoa matokeo hayo, wale walibaki na pete zao.

Kwa hiyo tunamwongelea ndege ambaye maisha yake yote yamejengwa juu ya wenzake. Anajifunza sauti kwa sababu kwenye kundi sauti ndo kitambulisho, ukiita vizuri wewe ni wetu. Ukimtoa akiwa mdogo ukamweka sebuleni, hana kundi lingine isipokuwa nyinyi, kwa hiyo anajifunza simu yenu na mlango wenu na sauti ya mama akiita. Anajaribu kuwa wa hapo. Afu watu wanatoka asubuhi kwenda kazini na shule, anabaki na ukimya kwa muda wa saa nane au tisa kila siku, kiumbe ambaye kwa asili hajawahi kukaa peke yake hata dakika kumi. Kujing'oa manyoya kunaweza kuanza na ugonjwa au lishe mbovu, ni kweli, mganga wa wanyama lazima aangalie hivyo kwanza. Lakini mara nyingi sana kwa hawa ndege ni upweke na stresi.

Tuje kwenye uzazi, maana bila hapo hesabu yote haieleweki. Kasuku wa kijivu anachelewa kukomaa, anaanza kuzaa akiwa na miaka mitatu mpaka mitano, anashikamana na mwenzi mmoja, na hawajengi kiota cha kusuka, wanataga kwenye tundu la mti. Tatizo ni kwamba hawana uwezo wa kulichimba lile tundu kama kigogota, lazima walikute, na tundu la kumtosha ndege huyu linapatikana kwenye mti mkubwa na mzee, tawi lilivunjika zamani, pakaoza, pakawa na shimo. Mti wa hivyo umekula miaka mingi sana mpaka kufika hapo, na ndo huohuo ambao mkata mbao anautaka. Afu hata tundu likiwepo kuna hondohondo analitaka, kuna nyuki wanalitaka.

Jike anataga mayai matatu mpaka matano, anayaatamia kama mwezi mmoja, na muda huo dume ndo anamletea chakula. Makinda yanatoka vipofu na bila manyoya ya maana, yanalishwa kwa kutapikiwa, na yanakaa humo tunduni karibu wiki 12 kabla ya kuruka. Wiki 12 ni muda mrefu mno, nyoka anaweza kuja, nyani, binadamu mwenye kamba ya kupandia. Kwa kawaida huyu ndege anafidia kwa kuishi miaka mingi, kwamba hata mwaka huu ukiharibika kuna mwakani na mwaka wa keshokutwa. Mfumo mzuri kabisa, ulimradi watu wazima hawafi.

Na biashara inaua au kuchukua wote, watu wazima na watoto.

Ile picha ya ndege mamia wametua kwenye uwazi wa msitu, mtegaji anaijua kuliko mtafiti. Anaweka nyavu, anasubiri washuke, anavuta. Njia nyingine ni ulimbo, wanapaka kwenye matawi ya mti mrefu na juu yake wanafunga kasuku mmoja hai wa kuvutia wenzake. Huyo aliyefungwa anaita. Wenzake wanamsikia na wanakuja, kwa sababu ndivyo walivyo, mmoja akilia kundi linakuja. Wanatua, miguu inanata, wanapiga mabawa, mabawa nayo yananata, wanaanguka wakiwa wamejiviringa na ulimbo. Mtegaji anawakusanya, anawakata au kuwang'oa manyoya ya kurukia ili wasitoroke, anawajaza kwenye boksi au kapu. Ile tabia ya kumpa mwenzako pete yako ndo hiyohiyo inayotumika hapa kuwamaliza kundi zima.

Kuanzia hapo ni mtumbwi, pikipiki, gari, stoo ya dalali, afu ndege ya kusafiria. Wanabanana, hawanywi maji vizuri, wanalishwa visivyo vyakula vyao, wanaambukizana. Makadirio ya watafiti ni kwamba kati ya theluthi moja na zaidi ya nusu wanakufa kabla hata hawajasafirishwa nje. Sasa chukua namba ya waliosafiri. Kwa karatasi halali peke yake, tangu 1975 zaidi ya kasuku milioni 1.3 waliokamatwa porini waliandikwa kuwa wameuzwa nje ya nchi zao. Ukifanya hesabu ya kalamu tu, kwamba nusu walikufa njiani, maana yake waliotolewa msituni ni kama milioni 2.6, na hapo hujagusa magendo, hujagusa waliouzwa sokoni ndani ya nchi, na hujagusa wale wanaouawa kwa ajili ya vichwa na manyoya mekundu ya mkia yanayotumika kwenye dawa za kienyeji na mavazi ya sherehe katika sehemu za Afrika magharibi na kati. Simlaumu mtegaji wa kijijini kwa kila kitu, yeye anapata senti kidogo kuliko wote kwenye hiyo cheni. Lakini ulimbo haujali.

Matokeo yake yanaonekana wazi zaidi Ghana. Watafiti waliokwenda kuangalia upya malalo ambayo miaka 20 hivi nyuma kila moja lilikuwa na kasuku kati ya 700 na 1,200 waliona jumla ya ndege 18. Nilisoma hiyo namba mara mbili nikidhani kuna sifuri zimedondoka. Ripoti yao iliyotoka 2016 inasema kasuku wa kijivu Ghana wamepungua kwa asilimia 90 mpaka 99 tangu 1992. Kenya hadithi inafanana, msitu wa Kakamega ulikuwa na makundi yake, leo ukimwona mmoja ni habari. Na kumbuka huyu ni ndege anayeishi miaka mingi, kwa hiyo msitu unaweza kuwa unaonekana una kasuku kumbe ni wazee watupu, kila mwaka makinda yanachukuliwa tunduni, wazee wanaendelea kupita juu asubuhi na jioni na wanakijiji wanasema mbona wapo, mpaka siku wazee wanaanza kufa na nyuma yao hakuna mtu.

Hapo ndo tunaweza kujibu lile swali la mwanzo, kwamba yuko hatarini kivipi wakati bado wako wengi. Shirika la uhifadhi la IUCN, lenye ile Orodha Nyekundu ya viumbe walio hatarini, haliangalii idadi peke yake, linaangalia pia kasi ya kupungua, na linaipima kwa vizazi vya mnyama mwenyewe. Kizazi kimoja cha kasuku wa kijivu ni kama miaka 16, vizazi vitatu ni miaka 47, na ndani ya muda huo inakadiriwa amepungua kwa asilimia kati ya 50 na 79. Ukishavuka nusu hivyo, unaingia daraja la walio hatarini kutoweka, hata kama waliobaki bado ni laki kadhaa. Na kwa kweli hakuna anayewajua ni wangapi, makadirio yaliyowahi kutolewa yanaanzia ndege laki tano na elfu sitini mpaka milioni 12.7, msitu wa Kongo si uwanja wa mpira kwamba utahesabu viti. Ila kasi inajulikana, na imekuwa ikipandisha daraja: 2007 walimweka kwenye karibu na hatari, 2012 wakampandisha, 2016 wakamweka hilo daraja la hatarini kutoweka, yeye na Timneh wote.

Sheria nazo zilikuja polepole na kwa vipande. Mkataba wa CITES unaosimamia biashara ya kimataifa ya wanyama na mimea ulimweka Kiambatisho cha 2 mwaka 1981, maana yake biashara inaruhusiwa kwa vibali na mgao wa kila mwaka. Marekani ikafunga mlango kwa sheria yake ya ndege wa porini ya 1992. Umoja wa Ulaya ukasimamisha uingizaji 2005 kwa hofu ya mafua ya ndege, na 2007 zuio likawa la kudumu. Hiyo milango miwili mikubwa ilipofungwa biashara haikufa, iligeuka njia ikaelekea Asia na Mashariki ya Kati. Mwishowe kwenye mkutano wa Johannesburg mwaka 2016 nchi wanachama zikapiga kura akapandishwa Kiambatisho cha 1, na kuanzia Januari 2017 kasuku wa porini haruhusiwi tena kuuzwa kimataifa kwa biashara.

Lakini wa porini. Hilo neno ndo mlango uliobaki. Kasuku aliyezaliwa kwenye kizimba, shamba likiwa limesajiliwa, anaweza kuuzwa, na Afrika Kusini kuna mashamba makubwa ya kuwazalisha. Watu wengi wanasema basi tatizo limekwisha, tununue wa shambani. Natamani ingekuwa hivyo. Kwanza mashamba yenyewe yalianza na ndege wa porini. Pili, ukishakuwa na soko halali ni rahisi kupenyeza asiye halali, unachukua aliyenaswa kwa ulimbo unamtengenezea karatasi za aliyezaliwa kizimbani, na kwa macho hawana tofauti. Kinachosaidia kidogo ni pete ya mguuni, ile iliyofungwa mduara bila maungio, ambayo inaweza kuvishwa tu wakati kinda ni mdogo sana na vidole vinapita, akikua haiingii tena wala haitoki. Ndege mwenye pete ya kubana na koleo, au asiye na pete kabisa, anaweza kuwa ametoka popote. Tatu, kila video ya kasuku anayechekesha inawafanya maelfu wengine wamtake, na si wote wataenda kwenye shamba lililosajiliwa.

Wako wanaojaribu kuwarudisha. Kituo cha kuhudumia wanyamapori cha Limbe huko Kameruni kimewahi kupokea mamia kwa mpigo, wale waliokamatwa wakisafirishwa. Lwiro, Kivu Kusini, kituo kilichoanza kwa ajili ya sokwe na nyani, nacho kinawahudumia. Uganda mwaka 2013 waliachiwa kasuku kwenye kisiwa cha Ngamba, ndege waliokuwa wamekamatwa na mamlaka mbali kabisa, Bulgaria. Na Rubondo, kile kisiwa cha hifadhi kwenye Ziwa Victoria upande wa Tanzania, kina kasuku wa kijivu walioachiwa mwaka 2000 baada ya kunaswa kwa wafanyamagendo. Kazi yake si kufungua boksi tu. Manyoya yaliyokatwa hayarefuki kama nywele, lazima kisiki kidondoke unyoya mpya uote, hiyo ni miezi. Wanapimwa virusi, maana kuna ugonjwa wa mdomo na manyoya unaosambaa kwenye vizimba na ukiupeleka msituni umewamaliza uliotaka kuwaokoa. Wanajengewa vizimba virefu wafanye mazoezi ya kuruka, na wanaachiwa kwa kundi, kamwe si mmoja mmoja, kwa sababu mmoja mmoja hawezi.

Nilirudi kwenye ile nyumba. Nikamwomba mwenye nyumba tuangalie miguu, hakuna pete. Alimnunua miaka mingi iliyopita kwa mtu aliyemwambia amezaliwa nyumbani, na aliamini, namjua si mtu wa kudanganya. Akaniuliza kama amfungulie mlango wa kizimba aende zake. Nikamwambia hapana, huyu hajui tena chikichi ikoje wala mwewe yukoje, na huko nje hakuna kundi linalomsubiri. Alikwenda mwenyewe kwa maofisa wa wanyamapori kueleza na kupewa utaratibu, na wakati anasubiri wamemhamishia kizimba barazani watu wanapopita, wanamwekea matawi yenye magome ayabambue, kuna binti wa pale anakaa naye kila jioni akifanya homuweki. Mara ya mwisho nilipopita kifuani palikuwa na manyoya mafupi mafupi yanachipua. Shingoni bado. Alinisikia nikivua viatu mlangoni, akapiga mluzi wa juu mrefu ambao mwenye nyumba anasema hakuna mtu humo ndani anayeupiga, akanyamaza kidogo, akaupiga tena.